Makombe kwanza, namba baadaye

Walimu wa madarasa ya awali wa Bagamoyo, kabla ya kuandika 1, 2, 3 ubaoni, mwageni mkekani simbi, makombe ya baharini na vifuu vya nazi vilivyooshwa, kisha nyamazeni. Msiwaambie watoto "pangeni kwa ukubwa". Mmoja atatenga vyenye madoa, mwingine vyeupe tupu, mwingine atatega sikio kwenye kombe. Hapo ndipo uulize: "Hebu niambie mwanangu, hivi umeviweka pamoja kwa nini?" Usimsahihishe. Kuhesabu kutakuja kwenyewe wakianza kubishana nani anavyo vingi. Sogeza na beseni la maji: kifuu huelea, simbi huzama, na kelele huanza (jirani atazoea). Vyenye ncha kali na vidogo vya kumezeka viondoe mapema.