Dirisha la Udahili Lisilofungwa: Namna ya Kutumia Mitandao ya Kijamii Kuwapata Wanafunzi wa Chuo

Ukifungua kurasa za vyuo vingi kwenye mitandao ya kijamii utakutana na mahafali, mgeni rasmi akikata utepe, wajumbe wa bodi waliojipanga mbele ya jengo jipya, na salamu za sikukuu zenye nembo ya chuo. Ukishuka hadi kwenye maoni utamkuta mwombaji aliyeuliza ada ya stashahada ni kiasi gani, na swali lake lina wiki tatu bila jibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ofisa udahili, au yeyote aliyekabidhiwa akaunti za chuo, na unasimama juu ya hoja moja: katika udahili, mtandao wa kijamii ni dirisha la ofisi kabla ya kuwa ubao wa matangazo, na thamani yake hupimwa kwa majibu yanayotoka hapo kuliko kwa picha zinazobandikwa.

Wako wanaosema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, hivyo chuo chenye sifa hakina haja ya kuhangaika mtandaoni. Methali hiyo ina ukweli wake kwa bidhaa inayoweza kushikwa na kuonjwa. Mwombaji hana namna ya kukionja chuo kabla ya kulipa. Anachoweza kukionja ni jinsi anavyojibiwa.

Kabla ya kuposti chochote

Kazi ya kwanza haifanyiki kwenye simu. Keti na watu wa mapokezi, mhasibu anayepokea ada na mshauri wa wanafunzi, kisha andikeni maswali yote mliyoulizwa katika msimu uliopita wa udahili, kwa maneno yaleyale ya waulizaji. Orodha hiyo mara nyingi haifanani kabisa na kipeperushi cha chuo. Kipeperushi huzungumzia dira na dhamira, ilhali waulizaji wanataka kujua kama somo moja walilofeli linawazuia kujiunga, kama ada inalipwa kwa awamu, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana uhakika wa kupata hosteli, kama kozi inatambuliwa na mamlaka ya ithibati, na kama inawezekana kuhama programu baada ya kudahiliwa.

Kila swali liandikiwe jibu fupi, jibu hilo lipitishwe na msajili, na liwekewe tarehe ya kupitiwa upya. Jibu la ada lisilo na tarehe ni la hatari kuliko ukimya, kwa sababu mtu atakuja nalo mwakani akiwa amelipiga picha ya skrini, naye atakuwa na haki ya kulidai. Baada ya hapo wateuliwe watu wasiopungua wawili wa kujibu, wapangiane zamu, na saa za kujibu ziandikwe wazi kwenye ukurasa, ili anayeuliza usiku wa manane ajue atajibiwa lini badala ya kudhani amepuuzwa.

Mitandao michache inatosha

Facebook ilianzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Harvard, na mwaka 2006 ikafunguliwa kwa mtu yeyote mwenye umri wa kuanzia miaka 13. Wengi wa vijana wa wakati ule sasa ni wazazi, na hapo ndipo ilipo faida yake kwa udahili: yaandikwe humo mambo ambayo mzazi au mlezi huyauliza, kama vile jumla ya gharama, usalama wa mabweni na ratiba ya malipo. Instagram na TikTok huwafikia zaidi waombaji wenyewe. YouTube inafaa kwa maelezo marefu yanayotafutwa kwa kusudi, kwa mfano namna ya kujaza fomu ya maombi hatua kwa hatua, na LinkedIn inawafaa wanaotafuta shahada za uzamili huku wakiwa kazini. Chuo chenye ofisa mmoja wa mitandao hakihitaji yote haya. Akaunti mbili zinazojibu zina faida kuliko sita zilizolala, na iliyotelekezwa ni heri ifungwe, kwa kuwa mwombaji aliyeifikia kwa bahati mbaya hawezi kujua kwamba tarehe ya mwisho anayoisoma ni ya miaka miwili iliyopita.

WhatsApp inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo inayotumiwa sana na ndiyo inayokosewa sana. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ina majibu ya haraka yanayohifadhiwa tayari, lebo za kuwapanga waombaji kulingana na hatua waliyofikia, na ujumbe unaojituma wenyewe nje ya saa za kazi. Mambo hayo matatu yanatosha kuendesha dirisha dogo la udahili. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya kutangazia, yaani ujumbe mmoja unaokwenda kwa namba nyingi kwa pamoja huku kila mtu akiupokea peke yake, huwafikia tu wale waliohifadhi namba ya chuo kwenye simu zao, hivyo jibu la kwanza kabisa kwa kila mwombaji limwombe aihifadhi. Kundi nalo lina kasoro kubwa: wanachama huonana namba za simu, na chuo kinachowakusanya waombaji mia tatu wasiofahamiana ndani ya kundi moja kimewakabidhi matapeli kitabu cha simu. Kwa matangazo ya jumla tumia chaneli, huduma iliyoanza mwaka 2023, ambamo wafuasi hawaonani namba. Chaneli haipokei maswali; kwa hiyo igawe kazi namna hii: matangazo yapite kwenye chaneli, maswali yaje kwenye namba ya chuo, na kundi libaki kwa waliokwisha kudahiliwa.

Cha kuonyesha

Machapisho yafuate kalenda ya udahili na si kalenda ya sherehe. Miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, watu wanalinganisha kozi na kazi zinazotokana nazo. Dirisha likiwa wazi, wanahitaji sifa za kujiunga, orodha ya nyaraka na maelezo ya fomu. Wiki ya mwisho wanahitaji kukumbushwa kila siku na kuambiwa makosa yanayofanya maombi yarudishwe. Na baada ya majina kutoka, wote wanakuwa na maswali mawili tu, malipo na malazi. Chapisho la mkopo na ufadhili lije mapema kuliko unavyodhani inafaa, kwa maana mtu aliyekosa fedha hukata tamaa kimyakimya, hata hajazi fomu.

Sauti ya mwanafunzi aliyepo chuoni huaminika kuliko sauti ya mkuu wa chuo, hata kama mkuu anasema kweli tupu. Mpe mwanafunzi simu aonyeshe siku yake ilivyo, usimwandikie maneno ya kukariri, lakini mwekee masharti mawili: asiahidi jambo lisilo kwenye orodha ya majibu yaliyopitishwa na msajili, na kama analipwa au amepunguziwa ada kwa kazi hiyo, aseme waziwazi. Chumba cha hosteli kionyeshwe kikiwa na vitanda vyote na mizigo ya watu, na umbali wa kutoka bwenini hadi darasani uonyeshwe kwa kutembea. Video za droni zinazozunguka juu ya majengo hupendwa sana na uongozi. Mimi sijakutana na mwombaji aliyeuliza paa la maktaba linaonekanaje kutoka angani.

Kuna mambo madogo ya kiufundi ambayo huharibu kazi nzuri. Tangazo lililotengenezwa kama picha lirudiwe kwa maandishi chini yake, maana programu zinazowasomea wasioona husoma maandishi ya chapisho na mara nyingi hushindwa kusoma yaliyo ndani ya picha. Video ziwe na maneno yanayosomeka kwenye skrini kwa ajili ya viziwi na kwa wale wanaotazama bila sauti. Kiungo kilichobandikwa katika maelezo ya picha ya Instagram hakifunguki kwa kuguswa, hivyo kiungo cha fomu kiwekwe kwenye wasifu wa akaunti. Na hadithi za Instagram hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya maombi isitangazwe huko peke yake.

Kujibu

Swali lililoulizwa hadharani lijibiwe hadharani, kwa sababu nyuma ya kila anayeuliza wapo wengine wanaosoma bila kusema neno. Mtindo wa kuandika "njoo inboksi" chini ya swali la ada unawafundisha wote hao kwamba bei ni siri, au inategemea mtu. Mambo ya kupeleka faragha ni yale yenye taarifa za mtu binafsi: namba ya mtihani, matokeo, hali ya afya, malipo yaliyokwama. Mwombaji akiziandika hadharani mwenyewe, ficha maoni yake, kisha mwandikie kumweleza kwa nini.

Malalamiko yasifutwe. Mwanafunzi akiandika kwamba maji yamekatika bwenini siku nne, jibu lenye tarehe ya matengenezo linawatuliza wazazi kuliko ukurasa usio na lawama hata moja, kwani ukurasa wa namna hiyo hutiliwa shaka. Kinachofutwa ni matusi, kashfa dhidi ya mtu anayetajwa, na viungo vya ulaghai, nayo kanuni hiyo iwekwe mahali inapoonekana.

Ulaghai wenyewe ni janga la kila msimu. Hufunguliwa akaunti yenye nembo ya chuo na jina linalotofautiana kwa herufi moja, kisha waombaji huambiwa watume fedha kwa namba ya mtu ili "nafasi ishikiliwe". Kinga yake ni kuorodhesha akaunti zote halali kwenye tovuti ya chuo, kutangaza njia moja tu ya malipo na kuirudia hadi ichoshe, kuripoti akaunti bandia kwa mtandao husika siku ileile inapoonekana, na kuziwekea akaunti za chuo uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo nenosiri peke yake halitoshi kuingia hadi ithibitishwe kwa njia ya pili, kama vile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Barua ya udahili iwe na namba inayoweza kuhakikiwa na ofisi, kwa maana barua feki hupendeza mara nyingine kuliko ya kweli.

Matangazo ya kulipia na hesabu zake

Lipia tangazo pale tu ambapo ukurasa linakompeleka mtu umekamilika na unafunguka vizuri kwenye simu ya kawaida. Vinginevyo unalipia watu waje kwenye mlango uliofungwa. Anza na kiasi kidogo, matangazo mawili yenye maneno tofauti kwa kozi moja, uone lipi linaleta fomu zilizojazwa. Idadi ya wafuasi na alama za kupenda haitoshi kuwa kipimo. Hesabu walioanza kujaza fomu, waliomaliza, waliolipa na walioripoti chuoni, kila tangazo liwe na kiungo chake, na ndani ya fomu kuwe na swali la mwombaji alikisikia chuo kupitia wapi. Ukiona wengi wanaanza fomu na wachache wanamaliza, tatizo liko kwenye fomu, na fedha za matangazo hazitalitibu.

Kuchungulia akaunti za waombaji

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwanyang'anya nafasi wanafunzi wasiopungua 10 waliokuwa wamekwisha kukubaliwa, baada ya kubainika kwamba walipeana picha na vichekesho vya kudhalilisha ndani ya kundi la faragha la Facebook. Tangu hapo, waombaji wengi hudhani kila chuo kinawapekua, na baadhi ya maofisa hudhani wanapaswa kufanya hivyo. Ushauri wangu ni kutopekua. Majina hufanana, akaunti hubuniwa na mahasimu, na ofisa akishaona dini, itikadi au ujauzito wa mwombaji hawezi tena kujifanya hakuviona. Iwapo chuo kimeamua kinyume, kanuni iandikwe na kutangazwa kabla ya maombi, itumike kwa wote sawa, ukaguzi ufanywe na mtu asiyeamua maombi, na mwombaji aonyeshwe kilichopatikana na kupewa nafasi ya kujieleza.

Kuhusu taarifa ambazo waombaji wanakutumia wenyewe, kumbuka kwamba baadhi yao huenda hawajafikisha miaka 18. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, na sheria za nchi nyingine nyingi zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisitunzwe kuliko inavyohitajika. Kwa lugha ya ofisini: vyeti vilivyotumwa kwa WhatsApp vihamishiwe kwenye mfumo wa udahili, kisha vifutwe kwenye simu.

Baada ya barua kutoka

Kipindi cha kati ya barua ya udahili na siku ya kuripoti husahauliwa, ilhali ndicho kinachopoteza wanafunzi waliokwisha kupatikana. Hapo ndipo kundi la waliodahiliwa linapofaa, kila programu na lake, likisimamiwa na ofisa mmoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili. Waulizwe nani atakuja peke yake, nani hajapata malazi, nani bado anasubiri mkopo. Aliyenyamaza muda mrefu apigiwe simu. Mwalike mhasibu na msimamizi wa mabweni kwenye kipindi kimoja cha mubashara, kirekodiwe, na maswali mapya yaliyojitokeza yaongezwe kwenye ile orodha ya mwanzo kwa ajili ya msimu ujao. Kundi lifungwe wiki chache baada ya masomo kuanza, na mwanafunzi msaidizi anapomaliza kazi yake aondolewe usimamizi wa akaunti siku hiyohiyo, na manenosiri yote aliyoyajua yabadilishwe.