Kukokotoa umeme wa shamba la upepo baharini kwa kalamu na karatasi

Ukisoma kwamba shamba la upepo baharini lina megawati 1,218, bado hujaambiwa litatoa umeme kiasi gani. Umeambiwa ukubwa wa mitambo tu. Nafundisha fizikia, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakijikwaa. Chukua kalamu tukokotoe pamoja.

Anza na turbini, yaani mitambo ya mapanga inayozungushwa na upepo ili kuzalisha umeme. Hornsea 1, iliyoko Bahari ya Kaskazini, kilomita 120 hivi kutoka pwani ya Yorkshire, Uingereza, ina turbini 174 za megawati 7 kila moja. Ndizo hizo 1,218. Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka, utapata megawati-saa 10,669,680. Usiishie hapo, tafadhali! Hiyo ni hesabu ya bahari ambayo upepo wake haulegei hata usiku mmoja, na bahari hiyo haipo.

Nguvu ya upepo hufuata kasi yake kwa kipeo cha tatu: kasi ikishuka nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Chini ya mita 3 au 4 kwa sekunde turbini haizalishi kitu. Kwenye mita 13 hivi hufikia uwezo wake wote, na upepo ukizidi mita 25 hivi nyingi hugeuza mapanga na kusimama zisiharibike. Kuna pia siku za matengenezo, na mawimbi yakichafuka fundi hawezi hata kuufikia mnara.

Kwa hiyo punguza. Kwa mashamba makubwa ya bahari ile mimi huchukua asilimia 45 tu ya hesabu ile ya juu, au 40 nikitaka tahadhari. Kwa 45 unapata megawati-saa milioni 4.8 kwa mwaka. Megawati-saa moja ni uniti 1,000 za kwenye mita.

Ukitaka kujua ni nyumba ngapi, uliza kwanza nyumba moja inatumia uniti ngapi. Kwa uniti 3,000 kwa mwaka, ni nyumba milioni 1.6, kwa 4,000 ni milioni 1.2. Upepo ni uleule. Ndiyo maana siamini idadi ya nyumba isiyotaja kigezo chake.

Unaweza pia kwenda kinyume. Vindeby ya Denmark, shamba la kwanza baharini, ilianza mwaka 1991 na turbini 11 za kilowati 450 (megawati 0.45) kila moja, na katika miaka 25 ilizalisha megawati-saa 243,000 hivi. Ingefanya kazi bila kupumzika ingetoa 1,084,050. Gawanya: asilimia 22. Turbini zake zilikuwa fupi, karibu na nchi kavu.

Sasa fanya mwenyewe Hywind Scotland: turbini 5 zinazoelea, megawati 6 kila moja, asilimia 54. Ukipata megawati-saa 141,912 kwa mwaka, umeshika.