SOMO: Kuomba kusoma sheria ukiwa na matokeo mabovu (mimi nilikuwa na GPA ya 2.4)

Mwakeye ndugu zangu. Leo naandika hili somo lote sehemu moja maana naulizwa kila wiki, na juzi tu kuna dogo kaja ofisini hapa Mwanga, Kigoma, na bahasha ya kaki, hata kukaa hajakaa, katoa transkripti kanipa akawa anaangalia chini. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, 2.3 kati ya 5. Akasema kaka mimi sheria ndo basi tena. Nikamwambia kaa kwanza tunywe chai, halafu nikamfungulia ya kwangu kwenye simu, digrii ya ualimu, 2.4, yaani pass, na sapu, yaani mitihani ya marudio, tatu za mwaka wa pili, ule mwaka mzee wangu alilazwa nikawa napanda treni kurudi Kigoma kila baada ya wiki chache na majaribio yananipita. Leo mimi ni wakili. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekipitia.

HATUA YA 1: Jua unaingilia mlango gani

Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa bure. Ukisoma mitandaoni unakutana na habari za Marekani, kule sheria inasomwa baada ya digrii ya kwanza, kuna mtihani wa LSAT wenye alama 120 mpaka 180, na mwenye GPA mbovu anaambatanisha maelezo ya nini kilimkuta. Huku kwetu LL.B, digrii ya sheria, yenyewe ni digrii ya kwanza, mtu anaingia kwa fomu siksi au diploma. Maana yake ukiomba kwa cheti cha fomu siksi kinachopimwa ni pointi za fomu siksi, siyo ile GPA ya ualimu inayokunyima usingizi.

Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni principal mbili (ufaulu wa A mpaka E fomu siksi) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Waliomaliza 2014 na 2015 madaraja yao yalikuwa tofauti, wao wanatakiwa C mbili. Mimi HGL yangu ilikuwa History D, Geography E, English D, kwa hiyo D mbili, nne kavu. Inatosha kuomba. Kuchaguliwa ni habari nyingine, maana chuo kikubwa kikipata waombaji wengi wenye pointi nyingi wewe wa nne unabaki nje, na ndivyo ilivyonikuta mwaka wa kwanza wa kuomba, nikaomba vyuo viwili vyenye majina nikakosa vyote. Changanya vyuo. Na angalia Kiingereza chako cha fomu foo, kuna vyuo kwenye sheria wanakiangalia sana.

HATUA YA 2: Kama pointi hazifiki

Usirudi nyuma, zunguka. Njia ya kwanza ni diploma ya sheria, kwa mfano pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ukitoka na GPA ya 3.0 na una pasi nne za fomu foo unaomba LL.B kama mtu mwingine yeyote. Hii mimi naipenda kuliko zote kwa mtu ambaye msingi wake ni dhaifu kweli, kwa sababu unaanza kusoma sheria yenyewe mapema, ukifika LL.B maneno kama mkataba na madai hayakutishi.

Njia ya pili ni foundation, kozi ya maandalizi ya kuingia digrii, ya Chuo Kikuu Huria, na uzuri wake wana vituo Kigoma na Tabora. Unatakiwa utoke na GPA 3.0 kwenye masomo sita ya msingi na angalau C kwenye masomo matatu ya fani yako, na uwe na kitu cha kuanzia, mfano pointi 1.5 za fomu siksi au diploma yenye GPA isiyopungua 2.0. Ipo pia ya kupimwa ujuzi wa kazini, RPL, unafanya mtihani na unatakiwa upate B+. Kurudia fomu siksi kama mtahiniwa wa kujitegemea nayo inawezekana, ila ujipime kama una muda wa kusoma kweli.

HATUA YA 3: Vyeti

Majina yafanane. Huku kwetu majina ya Kiha yanakosewa sana, cheti cha kuzaliwa kina herufi hii, cha fomu foo kina nyingine. Yamalize mapema kwa kiapo au hati ya kubadili jina, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Na tafadhali sana usifoji wala usimlipe mtu anayesema ana njia ya ndani. Hiki cheti utakibeba mpaka siku unaomba uwakili, kikigundulika wakati huo umepoteza miaka yote.

HATUA YA 4: Kuomba

Pakua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, uko wa aina mbili, wa fomu siksi na wa diploma, soma ule unaokuhusu. Tangu 2017 maombi yanaenda chuoni moja kwa moja.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka wa pili wa kuomba nilienda kujazia fomu steshenari moja, simu yangu imezima chaji, jamaa akauliza namba, nikasema weka yako tu kaka. Nikachaguliwa vyuo viwili. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja inabidi uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa meseji, na meseji imeenda kwa jamaa, na jamaa kavuka ziwa kaenda Congo kufuata vitenge. Nilikaa kwenye kibaraza chake siku tatu mfululizo, mkewe ananipa maji ananionea huruma, mpaka muda wa kuthibitisha ukaisha, na mimi wakati huo sijui kwamba ningeweza kuomba itumwe upya kupitia akaunti yangu. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Namba iwe yako, barua pepe iwe yako, nywila iandike kwenye daftari.

HATUA YA 5: Ukishapata

Kilichokuangusha mwanzo kitafute kwa jina. Kwangu ilikuwa kukosa majaribio na kuona aibu kumwambia mwalimu kwamba nina mgonjwa. Safari hii nilisema mapema. Halafu mbele kuna Shule ya Sheria pale Dar, unakopita baada ya LL.B kabla ya kuwa wakili, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, na kule hakuna huruma, mnakumbuka matokeo ya 2022, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu 342, waliodisko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Simtishi mtu, nasema LL.B uisome ukijua unaenda huko.

MASWALI

Swali (Kasulu): Kaka nina E mbili na S (subsidiary, ufaulu wa chini ya principal) moja, najitolea shule ya kata. Nianzie wapi?
Jibu: E mbili ni pointi 2, kwa LL.B ya moja kwa moja bado. Ila kwa foundation unaingia maana wanataka 1.5, na kwa diploma principal moja na S moja inakubalika. Kama unaweza kuacha Kasulu nenda diploma, kama unalea wadogo zako kaa hapo usome foundation.

Swali (Tabora): Mkuu nina diploma ya maendeleo ya jamii GPA 2.8. Na hiyo AVN ndo nini?
Jibu: Ni namba ya uhakiki wa diploma yako, unaiomba NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, bila hiyo chuo hakipokei ombi la mtu wa diploma. Ila 2.8 haifiki 3.0 mdogo wangu, tumia hiyo diploma kuingilia foundation.

Swali (Uvinza): Nilidisko mwaka wa kwanza, si bora nikae kimya tu?
Jibu: Hapana. Ukiulizwa kama uliwahi kusajiliwa chuo sema ndiyo. Barua ya kudisko itafute uwe nayo.

Swali (Kigoma mjini): Bodi ya Mikopo watanipa mkopo kwa digrii ya pili?
Jibu: Usiutegemee. Na ule wa kwanza ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara, uweke kwenye hesabu yako ya ada.

Swali (Kibondo): Kaka nina miaka 38, watoto watatu na genge la mawese. LL.B ya Huria si wataidharau kule Shule ya Sheria?
Jibu: Shikamoo dada. Kule wanataka LL.B ya chuo kinachotambulika, na Huria kinatambulika, kipo tangu 1992. Ugumu wake ni kwamba unasoma peke yako usiku genge likishafungwa, kwa hiyo tafuta hata mwenzio mmoja wa kusoma naye. Ukishuka Kigoma pita kituoni kwao na vyeti halisi vya fomu foo na fomu siksi, siyo kopi, na kama hujui kituo kilipo niandikie siku moja kabla nikupokee stendi nikupeleke.