Kupima NAD⁺ na NADH katika seli kwa spektrometa ya masi

NAD⁺ na NADH ni koenzaimu, yaani molekuli zinazosaidia vimeng'enya kufanya kazi. Hizi mbili hugeukiana upesi, na seli ikishavunjwa huendelea kugeuka na kuharibika. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye sahani ya seli kuliko kwenye mashine, yaani spektrometa inayotambua molekuli kwa masi yake.

Kwanza, changanya asetonitrili, methanoli na maji kwa uwiano wa 40:40:20, tia asidi ya fomiki hadi kiwango cha 0.1 M, kisha uache mchanganyiko kwenye friza ya −20 °C usiku kucha. Hapa Unguja, hasa katika joto la kaskazi, chupa isitoke kwenye barafu hata pale unapojaza pipeti.

Pili, mwaga maji ya kukuzia seli na umimine mchanganyiko huo papo hapo. Kuosha seli kwa maji ya chumvi kumezoeleka, lakini mimi sikushauri, kwa kuwa seli iliyonyimwa chakula hubadilisha uwiano wa koenzaimu zake kabla hujaigusa. Asidi huzima vimeng'enya, ila ikikaa huvunja NADH, ilhali besi kali huvunja NAD⁺. Basi baada ya dakika chache ongeza bikaboneti ya amonia ya 15%, takriban mikrolita 9 kwa kila mikrolita 100, ili asidi izimuliwe.

Tatu, zungusha kwenye sentrifyuji yenye baridi, uchukue maji ya juu. Usiyakaushe. Iwapo mashine iko ng'ambo ya bahari, safirisha kwa barafu kavu, na sanduku hilo hilo litiwe kichupa cha NADH safi iliyopitia hatua zote: NAD⁺ itakayoonekana humo ni kipimo cha uharibifu wa njiani.

Nne, tenganisha kwa safu ya HILIC (safu inayokawiza molekuli zinazopenda maji) na usome ioni hasi: kwa uwiano wa masi na chaji, NAD⁺ huonekana kwenye 662.10, NADH kwenye 664.12. Kabla ya yote, tia kiwango rejea (koenzaimu hizo hizo kwa kiasi kinachojulikana) chenye kaboni-13, yaani isotopi nzito ya kaboni, maana chumvi za sampuli hudhoofisha ishara.

Hapa pana mtego. Sehemu ndogo ya NAD⁺ hubeba isotopi nzito za kaboni na kusomeka 664.11, pungufu ya NADH kwa chini ya 0.01, na kwa kuwa NAD⁺ ndiyo nyingi, kivuli chake huweza kuifunika NADH yote. Ingiza NAD⁺ safi peke yake, utazame dirisha la 664: kilele kinachotoka wakati ule ule wa NAD⁺ kisihesabiwe kuwa NADH.