SOMO: Mwenzako akianguka shuleni, kuzimia au kifafa, fanya hivi

Wadau, kila shule zikifunguliwa napata ujumbe uleule: "Mwalimu, kuna dogo kaanguka mstarini, tumfanyeje?" Mara nyingi ujumbe unaingia huku dogo mwenyewe bado yuko chini. Sasa naandika mara moja tu. Chapeni, bandikeni ofisini na bwenini. Mimi si daktari, ni mwalimu wa sekondari huku Moshi, mwaka wa kumi na moja huu nashika zamu. Na nilipokuwa mwanafunzi jambo hili nililiharibu vibaya. Nitafika hapo.

Kwanza jua unaona nini

Anayezimia hutoa dalili: jasho la baridi, midomo inapauka, anasema macho yanaingia giza, kisha analegea na kuanguka kama gunia. Ndani ya dakika moja hivi anarudi na anakutambua. Anaweza kurusharusha mikono sekunde chache. Hiyo peke yake isikufanye useme ni kifafa.

Mwenye kifafa cha kuanguka hukakamaa, pengine anatoa ukelele mmoja, kisha mwili mzima unatetemeka kwa mapigo. Povu, labda mkojo, labda damu kidogo kwa kuuma ulimi. Kikiisha hakutambui, na anataka kulala.

Akizimia

Mlaze chali palepale, miguu juu ya begi la vitabu au kiti.

Legeza tai, fungua sweta. Huko Arusha mwezi wa saba watoto wanavaa masweta mawili, kisha jua la saa nne linawakuta bado wako paredi.

Watu wapishe hewa.

Akizinduka asisimame haraka. Akae kwanza, dakika kumi hivi, halafu chai ya sukari. Muulize kama alikunywa chai asubuhi. Nusu ya wanaoanguka mstarini kwetu hawakula kitu tangu jana jioni.

Hospitali moja kwa moja kama: hajazinduka baada ya dakika moja au mbili, amegonga kichwa, analalamika kifua, au ameanguka *wakati anakimbia* mchakamchaka. Hili la mwisho watu wanalidharau. Kuzimia baada ya kusimama sana ni jambo la kawaida. Kuzimia katikati ya mbio kunaweza kuwa moyo.

Akianguka kifafa

1. Tazama saa. Sasa hivi, kabla ya yote. Dakika mbili za kifafa huonekana kama nusu saa, na hospitali watakuuliza.

2. Sogeza madawati, usimsogeze yeye. Isipokuwa yuko barabarani, karibu na moto au kwenye maji.

3. Sweta chini ya kichwa. Miwani vua.

4. Mdomoni usitie kitu. Si kijiko, si rula, si kidole, si maji. Ulimi haumezwi. Kinachovunjika ni jino, au kidole chako.

5. Usimkandamize. Mapigo yatakwisha yenyewe, kwa kawaida dakika moja hadi tatu.

6. Watoe watazamaji, mfunike kanga kiunoni. Akijikojolea, darasa litakumbuka mkojo miaka minne na kusahau ugonjwa.

7. Mapigo yakikoma, mlaze ubavu: goti la juu likunjwe mbele, kiganja chini ya shavu, kidevu kiinuliwe kidogo ili mate yatoke nje. Atakoroma. Acha akorome.

8. Baki naye. Hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Kidato cha tatu, hesabati vipindi viwili mfululizo. Niliyekaa naye dawati moja akapiga ukelele, akaanguka. Mapigo yenyewe tuliyamudu vizuri, ajabu kabisa, kwa sababu darasani kulikuwa na binti ambaye mdogo wake ana kifafa, naye alitupigia kelele tusimguse. Yakaisha. Akatulia, akakoroma, darasa zima likashusha pumzi. Nikaona kazi imekwisha, nikatoka mbio kumwita mwalimu. Wenzangu nao wakatoka nje kusimulia. Niliporudi, sweta lipo sakafuni, mtu hayupo. Alikuwa ameinuka macho wazi, hajui alipo, akapita mlango wa nyuma kuelekea mtaro wa maji ya mvua. Wavulana wawili wakamvamia wamrudishe, wakamkaba mikono kwa nyuma. Akapigana nao kama mtu aliyevamiwa na vibaka, maana kichwani mwake ndicho kilichokuwa kinatokea. Wakaogopa, wakapaza sauti kuwa ana mapepo, wakamwachia. Akatumbukia mtaroni, mkono wa kushoto ukavunjika. Hadi leo sijui kama alipata kuambiwa ni nani aliyemwacha peke yake.

Kwa hiyo sikiliza. Macho kufunguka siyo fahamu kurudi. Inaweza kuchukua dakika tano, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Muda wote huo wewe huondoki. Ukitaka mwalimu, tuma mtu. Akiinuka na kutembea, tembea naye ubavuni, kaa wewe upande wa ngazi, wa mtaro, wa barabara. Usimkabe. Mwite jina lake polepole, mwambie uko shuleni, umeanguka, mimi niko hapa. Kila baada ya muda muulize: unaitwa nani, hapa wapi, leo siku gani. Asipoyajibu yote sawasawa hapewi maji, soda wala kidonge, atapaliwa.

9. Hospitali bila kungoja kama: mapigo yamefika dakika tano, yamekuja mara ya pili kabla hajazinduka, ni mara yake ya kwanza maishani, ana kisukari, ameumia, ilimtokea majini, au anapumua kwa shida. Kama hapumui kabisa, huo siyo wakati wa kumlaza ubavu: chali, mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika hadi msaada ufike.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Dogo wa Sakina: Mwalimu somo zuri. Ila kijiko kikifungwa kitambaa si salama?

Mwalimu wa Zamu: Namba 4.

Dogo wa Sakina: Nilimaanisha kijiko cha mbao.

Mwalimu wa Zamu: Namba 4.

Mzee wa Kiboriloni: Mwalimu, kwa heshima zote. Sisi tumekua tunawanusisha kiberiti kilichowashwa, na wanazinduka. Nimeona kwa macho yangu, si mara moja.

Mwalimu wa Zamu: Shikamoo mzee. Siwezi kukubishia ulichoona. Ila nihesabie: mtu ameanguka, mmemkimbilia, mmetafuta kiberiti, mmekiwasha. Hapo dakika mbili zimekwisha, na mapigo mengi huisha yenyewe dakika hizohizo. Ungemnusisha ndizi mshare angezinduka vilevile, na ndizi ndiyo ingesifiwa. Tofauti ni kwamba ndizi haiunguzi pua.

Mzee wa Kiboriloni: Marahaba. Hilo la ndizi nimelicheka. Nitalifikiria.

Chalii wa Kijenge: Nasikia ukimgusa kabla povu halijakauka unaambukizwa, kweli?

Mwalimu wa Zamu: Hapana. Hakiambukizi kwa povu, kwa mkojo, wala kwa kujamba kwake, maana najua hilo ndilo swali lako linalofuata. Imani hiyo ndiyo inafanya watu waangukie mafiga na kuungua huku majirani wanatazama.

Mama Wawili Njiro: Samahani mwalimu, langu ni tofauti kidogo. Binti yangu darasa la nne haanguki. Anaganda. Anaongea, ghafla anakaa kimya, macho yametulia, kope zinapepesa, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti "anaota mchana". Ni mara nyingi kwa siku.

Mwalimu wa Zamu: Dada, asante kwa kueleza vizuri, na hakuna samahani hapa. Kuna aina ya kifafa isiyo na kuanguka kabisa, ni ya watoto hasa, na inakuja hivyohivyo: sekunde chache, inakata, inarudi, hata mara nyingi kwa siku moja. Sisemi ndiyo aliyo nayo. Ila fanya hivi: mrekodi kwa simu, hata mara tatu nne. Andika saa na alikuwa anafanya nini. Mwite jina wakati ameganda, mguse bega. Anayeota mchana huitika, huyu mara nyingi haitiki. Kisha nenda hospitali ya Mount Meru, au ukipewa rufaa njoo huku hospitali ya KCMC, uwaonyeshe video kabla hujaanza maelezo. Wanaweza kumpima umeme wa ubongo, kile kipimo cha EEG. Hakiumi, ni nyaya kichwani tu. Na mwalimu wake mpe somo hili ili aache kumchapa kwa "utoro wa akili". Uturudishie majibu.

Mama Wawili Njiro: Hujui tu ulivyonisaidia. Kuchapwa ameshachapwa.

Boda wa Pasua: Sisi ndio mnaotupigia simu. Nimpakieje?

Mwalimu wa Zamu: Swali zuri kaka. Asiyejitambua hapandi pikipiki, hata akibanwa katikati ya watu wawili. Ataangusha kichwa mbele, njia ya hewa inajifunga, na mapigo yakirudi mtaanguka wote. Ita bajaji au taksi, alazwe ubavu kiti cha nyuma, mtu mmoja akae naye anatazama kifua. Wewe tangulia ukasafishe njia.

Matroni Mstaafu: Naongeza. Miaka yangu bwenini, wengi waliokuwa na kifafa walianguka msimu wa mitihani ya moko. Wanakesha, wanaruka dozi. Dawa zinafungiwa kabatini ofisini, matroni ana ufunguo, matroni kaenda Soko la Mbuyuni. Mtoto anakosa dozi mbili, siku ya tatu yuko chini.

Mwalimu wa Zamu: Mama, umelisema vizuri kuliko mimi. Kukosa dozi, kukosa usingizi, homa: hayo matatu. Ufunguo wa kabati uwe na nakala, basi.

Ndafu Choma: Nje ya mada kidogo: ni kweli kitimoto kinaleta kifafa? Wife kanipiga marufuku.

Mwalimu wa Zamu: Nusu kweli. Nyama yenye vijifuko vya tegu isiyoiva inakupa mnyoo tumboni. Kifafa kinatokana na kumeza *mayai* ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, yakafika kwenye mikono au mboga za majani. Yakiingia mwilini viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maishani anaweza kupata. Iive hadi ndani, choo kiwepo, nguruwe wafungiwe wasizurure, mikono inawe. Na mpishi wa kitimoto ndiye wa kumtazama mikono kwanza.

Ndafu Choma: Namsomea sasa hivi.

Mwalimu wa Zamu: Msomee yote, usikate kipande unachokipenda.

Binti Ngaramtoni: Shuleni kwetu waliwahi kuanguka wasichana tisa kwa siku moja, wanalia, wanapiga kelele. Waliletwa wachungaji. Hapo hatua ni zipi?

Mwalimu wa Zamu: Pole dada. Wakianguka wengi kwa mfululizo, watenganishe. Kila mmoja chumba chake au kivuli chake, mtu mmoja mtulivu, sauti ya chini, hakuna umati. Kila mmoja apimwe homa na aulizwe amekula nini, usije ukaita mapepo kumbe ni chakula kibovu. Ikishaonekana hawana ugonjwa wa mwili, ujue hofu inasambaa kwa kutazamana, na hawaigizi. Nchi hii inalijua jambo hilo siku nyingi: Kashasha, kule Bukoba, 1962, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha, wakafika 95 kati ya 159, shule ikafungwa. Umati ndio petroli. Wachungaji waje baadaye, mmoja mmoja.

Dogo wa Sakina: Mwalimu na kama ameuma meno sana, tumfungue kwa

Mwalimu wa Zamu: Dogo.

Matroni Mstaafu: Kabla hamjafunga uzi: mwenye kifafa alale kitanda cha chini, dabodeka la juu si lake. Na bafuni asipige komeo. Atundike kanga mlangoni ijulikane kuna mtu.