Bahari ya lita 100 sebuleni

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya pili. Siku ya kwanza jirani aliponikuta kwenye ngazi na mitungi miwili ya maji ya chumvi, alicheka. "Fundi, bahari si hiyo hapo chini? Waipandishia nini?" Sikuwa na jibu. Mwaka wa tatu sasa, tangi langu lina matumbawe yanayokua, na wanaoniuliza jinsi ya kuanza ni wengi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tangi nilikatiwa na fundi wa vioo: urefu sentimita 75, upana 40, kimo 40, kioo cha milimita 8. Ukishaweka mawe na mchanga, linabaki na maji kama lita 100. Usishuke chini ya hapo kwa kuona dogo ndilo rahisi. Maji machache hubadilika haraka, na ukikosea asubuhi, jioni ushachelewa. Mwambie fundi atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, uiache ikauke wiki nzima, kisha ulijaze maji nje kwanza uone kama linavuja. Likijaa lina uzito wa kilo 150 hivi, kwa hiyo meza ya televisheni haifai. Mimi nilichomelewa stendi ya chuma, nikaisawazisha kwa pima maji, na chini ya kioo nikatandika sponji nyembamba. Liweke mbali na dirisha, maana jua litakupikia tangi na kukuoteshea mwani.

Maji ya mkono wa bahari hapa Tudor siyataki, kwa sababu yanapokea uchafu wa mji. Kuna mvuvi wa Tiwi ananichotea nje ya mwamba, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, na msimu wa masika hatuchoti kabisa kwa sababu mvua huyapunguzia chumvi na kuleta tope. Nayachuja kwa kitambaa, nayaweka kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, na kipampu cha hewa, kwa wiki mbili. Vijidudu vinakufa, uchafu unatuama, nami nanyonya ya juu kwa mpira. Aliye Nairobi atanunua chumvi maalumu ya akwariamu, kama gramu 35 hadi 38 kwa lita ya maji safi. Chumvi ya mezani haifai. Kwa vyovyote, pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi majini: unataka 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Mawe nilichukua ya kuchimbwa ardhini, matumbawe ya kale yale yale tunayojengea nyumba huku Pwani. Chagua mepesi yenye matundu mengi, yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi wiki mbili ukibadilisha maji. Kwenye matundu hayo ndiko watakakokaa bakteria, na wao ndio mtambo wako wa kusafisha. Usiende kuvunja jiwe wala tumbawe baharini. Ni kosa kisheria, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Baada ya hapo, subira. Nilitia mawe, mchanga, pampu mbili za kusukuma maji, nikachukua konzi ya mchanga kutoka tangi la rafiki ili kupata mbegu ya bakteria, kisha nikaacha kamba mmoja mbichi aoze humo. Kamba akioza anatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Siku ya tisa kipimo changu cha amonia kiligeuka kijani kibichi, dalili kwamba imejaa. Siku ya ishirini amonia imeshuka, nitriti imepanda. Siku ya thelathini na tatu zote mbili sifuri. Katikati yake mchanga ulifunikwa na utando wa kahawia, mke wangu akasema nimefuga matope. Utando huo huondoka wenyewe.

Sasa joto. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, vinakuambia ununue kipasha maji. Hapa shida ni kinyume chake. Matumbawe yanataka nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, sebule yangu inafika 32. Nikajiambia, mimi si fundi wa friji? Nikachukua koili ya shaba kutoka friji kuukuu, nikaiunga na kompresa ndogo, nikaizamisha ndani ya tangi. Maji yakashuka hadi 26 vizuri kabisa. Asubuhi ya pili konokono wote walikuwa wameanguka kutoka kwenye kioo, kamba wawili wamelala ubavu, miguu inatetemeka. Miaka kumi na sita nikitengeneza friji, nilijua vizuri kwamba chumvi hula shaba. Sikujua kwamba shaba inayoliwa huingia majini na kuua kila kisicho na uti wa mgongo. Mawe na mchanga navyo huinyonya shaba, ikabidi nivitupe vyote nianze upya. Mashine halisi za kupoza maji ya bahari hutumia koili ya titani, madini isiyoliwa na chumvi. Mimi sasa natumia feni mbili za kompyuta zinazopuliza juu ya maji, na zinashusha nyuzi mbili hadi tatu. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, hata yakionekana safi namna gani: yamepita juu ya mabomba ya shaba.

Feni zinapoza kwa kukausha maji, na tangi langu linapoteza karibu lita mbili kwa siku. Watu wa Pwani hukosea hapa. Wanaongeza maji ya bahari. Umeona mashamba ya chumvi kule Gongoni? Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki. Tangi lako nalo litakuwa shamba la chumvi. Ongeza maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa RO, unaoyasukuma kwenye utando wa kuchuja, yasiyo na chumvi, kila siku, hadi kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Maji ya bahari ni ya kubadilishia tu: mimi natoa lita 10 kila Jumamosi na kutia 10.

Anza na matumbawe laini, vipande vilivyokatwa kwenye tangi la mfugaji mwingine. Changu cha kwanza kilikuwa zenia, ukubwa wa kidole gumba. Kwenye ncha kina viganja vidogo vinavyofumba na kufumbua mchana kutwa, utadhani vinachota maji. Taa ya LED nyeupe na buluu, saa nane kwa siku, inatosha. Ukipewa zile zoanthidi za rangi rangi, jamaa wa matumbawe wanaoota juu ya mawe, vaa glavu na miwani, wala usichemshe jiwe lao kamwe. Baadhi zina palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Samaki watie mwisho, wawili watatu, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni. Bunju atakula kaa na konokono wako, kitatange wengi hudonoa matumbawe, na kangaja anahitaji tangi kubwa mara tano ya hili.

Jambo la stima: waya wa kila kifaa uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili maji yakitambaa yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na nunua kipampu cha hewa cha betri. Stima ikipotea usiku, pampu zikasimama, hewa majini huisha mapema kuliko unavyodhani. Changu kinaning'inia kwenye msumari pembeni mwa tangi, na betri nazijaribu kila Jumamosi kabla ya kushika ndoo.