Kulala nyumba za kale Mji Mkongwe, kwa sisi wa Dar

Mtu wa Dar akisema anaenda Zanzibar kichwani kashaweka Nungwi na hoteli za bichi, ila kuna hizi nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilizogeuzwa gesti, unalala na chai ya asubuhi imo humo humo kwenye bei, na kwa wikiendi ya siku mbili mi naona zinalipa kuliko bichi. Shida watu wanabuki kama wanabuki loji ya Sinza, wakifika wanaanza kununa.

Chumba ndo kila kitu. Nyumba hizi hazina vyumba viwili vinavyofanana, na ile picha ya mtandaoni mara nyingi ni ya kile kimoja kizuri cha juu, kwa hiyo piga simu uulize chumba utakachopewa WEWE kiko ghorofa ya ngapi na dirisha linatazama wapi. Ngazi zimesimama kama za kupandia darini, na lifti sahau, mji mzima umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, mwenye nyumba haamki tu akabomoa ukuta. Mi nilimpeleka mama mkwe tukapewa ghorofa ya 3, akapanda, akafika, akakaa kitandani akaniangalia tu bila kusema neno. Nikajua nimeharibu.

Kama una mzee omba cha chini, ila cha chini nacho kina kigiza na unyevu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, mchana ndani kunakuwa na ubaridi mtamu sana lakini zinanyonya maji kutoka ardhini, utaona rangi imebanduka na unga mweupe wa chumvi, usiwaite wenyewe kuwaambia pachafu, ndo nyumba ilivyo. Mwenye pumu apande tu juu.

Halafu usishangae chumba kirefu chembamba kama korido. Dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti zina urefu wake, ndo maana upana unaishia kama mita 3 hivi, kikishaingia kitanda cha samadari, kile kikubwa cha kizamani cha nakshi, pamebaki pa kupita. Mna watoto wawili? Chukueni vyumba viwili.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza maji ya moto, feni au kiyoyozi, na umeme ukikatika inakuwaje. Sema mapema wewe Mtanzania unataka bei ya mkazi, maana zile za mtandaoni ziko kwa dola zimewalenga wageni, na uliza kama kodi ya serikali ya kila usiku imo au utadaiwa mapokezi.

Boti kutoka Dar ni safari ya kama masaa 2, beba kitambulisho. Tiketi kata ofisini kwao au mtandaoni, wale jamaa wanaokudaka kuanzia kanisa la Mtakatifu Josefu wasalimie upite. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unapiga na boti inayumba, kaa nyuma, siti za chini, na chipsi mayai utakula ukifika.

Ukishuka utakutana na mapapasi, wale madalali wanaowinda wageni, na gari haliingii vichochoroni, linakuacha pembeni. Waambie gesti wamtume mtu akupokee. Mi nilijifanya mjuaji nikazunguka nusu saa na sanduku la magurudumu kwenye mawe, nimepita mlango ule ule wa njumu za shaba mara tatu, mara ya nne wazee wa barazani wakanionea huruma wakampa mtoto anipeleke.

Alfajiri adhana utaisikia kama iko chumbani, wenye usingizi mwepesi muombe dirisha la uani. Chai nyumba nyingi wanaandaa juu kabisa kwenye paa, mayai, matunda, mkate, chai ya viungo, usiikimbilie, upepo wa pale ndo nusu ya hela yako. Ramadhani sehemu nyingi za kula mchana zimefungwa, na mwezi wowote ule kile kipensi chako cha Kigamboni kiache Kigamboni, vichochoro vile ni mitaa ya watu wanaoishi na watoto wao.

Siku ya kuondoka ukiwa na boti ya jioni rudisha funguo, mabegi omba wakuwekee mapokezi, we toka ukale urojo.